Mwongozo kamili: kuhariri sauti ya filamu fupi hadi kila neno lisikike

Malalamiko ni yaleyale. Filamu imepigwa vizuri, waigizaji wamejituma, lakini mtazamaji hakai bila rimoti: anaongeza sauti wahusika wakizungumza, anaipunguza muziki ukiingia. Wengi wanaoniandikia baada ya kukwama wameanzia mahali pamoja. Wamefungua plagini (kifaa cha ziada ndani ya programu) ya kuondoa kelele kabla hawajakata hata klipu moja, na kutoka hapo kila hatua imekuwa ya kurekebisha uharibifu wa hatua iliyotangulia.

Mpangilio wa kazi ndio unaookoa sauti. Mazungumzo huhaririwa kwa mkono kwanza, kisha yanasawazishwa, kisha yanasafishwa. Mazingira na muziki hufuata. Ukiushika mpangilio huu, programu ya bure na hedifoni ya kawaida zinatosha kutoa kazi ya kurushwa runingani.

Nitatumia onyesho moja la mfano mpaka mwisho: mama na kijana wake sebuleni, feni ya dari inazunguka, nje kuna barabara ya daladala. Kuna shoti tatu: ya pana inayowaonyesha wote wawili, ya mama na ya kijana.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na sauti. Toleo la bure linatosha. Kazi yetu iko kwenye ukurasa wa Fairlight, sehemu yake ya sauti. Anayetumia Reaper, programu nyingine ya kuhariri sauti, ataweza kufuata hatua zilezile.
- Hedifoni ya waya inayofunika masikio. Ya Bluetooth usiitumie, kwa sababu huchelewesha sauti, na utajikuta unasogeza midomo iliyokuwa sawa.
- Spika ndogo au simu ya kawaida, kwa ajili ya majaribio ya mwisho.
- Rekodi zote za siku ya kupiga picha, yakiwemo marudio ambayo mwongozaji aliyakataa. Haya ni dhahabu. Utaona kwenye hatua ya 4.
- Kimya cha chumba: sekunde 30 hadi 60 zilizorekodiwa kwenye seti ileile, maiki ileile, watu wote wametulia. Kama hamkurekodi, ipo njia ya kuokoa.
- Diski ya pili ya kuhifadhi nakala.

## Hatua ya 1: Kagua faili

Mradi wote uwe kwenye kilohezi 48 (48 kHz), biti 24 (24-bit). Huo ndio utaratibu wa sauti ya video duniani kote. Kasi ya picha iwe moja tangu mwanzo. Kwa runinga za Tanzania na Kenya chagua fremu 25 kwa sekunde.

Tahadhari kwa waliopiga kwa simu: simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika. Mwanzoni mwa klipu midomo na sauti vinakwenda pamoja, dakika ya nne vimeachana. Pitisha klipu hizo kwanza kwenye HandBrake au Shutter Encoder, programu za kubadilisha faili za video, uchague kasi isiyobadilika, ndipo uziingize kwenye mradi.

## Hatua ya 2: Oanisha sauti na picha

Resolve inaweza kuoanisha yenyewe kwa kulinganisha mchoro wa mawimbi ya maiki na ule wa kamera. Usiiamini bila kukagua. Tafuta kofi la kibao, au kama hakuna, tafuta herufi "p" na "b" za mwigizaji: midomo lazima ifunguke kwenye fremu ileile ambamo mlipuko wa sauti unaonekana.

Kagua mwanzo na mwisho wa kila klipu ndefu. Kinasa sauti cha bei nafuu na kamera huachana kidogokidogo, kwa hiyo klipu inaweza kuanza sawa na kuishia ikiwa imepotea fremu moja au mbili. Ikitokea hivyo, ikate kwenye kituo cha mazungumzo na usogeze nusu ya pili.

## Hatua ya 3: Funga picha, kisha panga treki

Usianze sauti kabla mwongozaji hajatamka kwamba picha imefungwa, yaani haitakatwa tena. Akikata sekunde mbili baadaye, kimya chote ulichoshona kinafumuka.

Treki zangu, yaani njia za sauti kwenye programu, hupangwa hivi, kutoka juu kwenda chini: mazungumzo ya shoti ya pana, ya mama, ya kijana, kimya cha chumba, vishindo vya mwili, yaani hatua, nguo na vyombo, sauti za matukio kama mlango au gari, mazingira, muziki. Ona kwamba mazungumzo yamegawanywa kwa shoti. Sababu ni kwamba kila shoti ilirekodiwa maiki ikiwa mahali tofauti, kwa hiyo kila moja ina mwangwi wake na kelele yake. Zikikaa treki moja, dawa unayompa mama inamwathiri kijana ambaye si mgonjwa.

## Hatua ya 4: Hariri mazungumzo kwa mkono

Hapa ndipo muda wako mwingi utakwenda, na ndipo panapostahili. Zima plagini zote.

Chagua maiki moja kwa kila sentensi. Kama mlikuwa na maiki ya kifuani na ya kijiti (inayoshikwa juu ya waigizaji kwa mti mrefu) kwa wakati mmoja, usiziache zote wazi. Sauti husafiri kiasi cha sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo maiki iliyo mbali huipokea ikiwa imechelewa kidogo. Zikijumlishwa zinakulana, na mwigizaji anasikika kama anazungumzia ndani ya bomba. Mimi huanza na ya kijiti kwa sababu hubeba chumba kwa uasilia, nikiegemea ya kifuani pale barabara inapozidi.

Toa kila kisicho cha mhusika. Kikohozi cha mpiga picha, mtu kasogeza kiti, "tayari" ya mwongozaji iliyobaki mwanzoni. Kata, lakini usiache shimo. Ukimya wa kompyuta ni ukimya mtupu, na sikio linashtuka feni ya sebuleni inapozimika ghafla kwa nusu sekunde kisha kurudi.

Jaza shimo kwa kimya cha chumba. Chukua kipande cha ile rekodi ya sekunde 60, kiweke kwenye pengo, kipishanishe na klipu za jirani (kimoja kififie huku kingine kikiingia) kwa fremu nne hadi kumi kila upande. Kama hamkurekodi kimya, tafuta vituo kati ya maneno kwenye shoti ileile, kokote kwenye rudio lolote, uvikusanye na kuviunganisha mpaka upate angalau sekunde tano. Onyo: usichukue nusu sekunde moja na kuirudia mara ishirini. Sikio hugundua mdundo wake haraka kuliko unavyodhani.

Lainisha mishono kati ya shoti. Kutoka shoti ya mama kwenda ya kijana, kelele ya barabara inapanda kwa sababu kijana alikaa karibu na dirisha. Usipandishe ile tulivu ifanane na yenye kelele kwa kila neno. Refusha kimya cha shoti yenye kelele: kianze taratibu chini ya maneno ya mwisho ya mama, kifike kiwango chake kamili kabla kijana hajafungua mdomo. Sauti ya mama inafunika kile kinachoingia. Kijana akinyamaza, kitoe hivyohivyo.

Rekebisha maneno yaliyoharibika. Kijana anasema, "Baba hajarudi." Honi ya daladala inapiga juu ya "ja". Mtazamaji anasikia "harudi", na maana imegeuka kabisa: kutoka baba aliyechelewa hadi baba aliyeondoka. Sasa fungua yale marudio yaliyokataliwa. Rudio la pili mwigizaji aliigiza vibaya, lakini "haja" yake ni safi. Kata kuanzia mwanzo wa "h" hadi punde kabla ya "r", ipandikize juu ya rudio zuri, ilinganishe na mchoro wa zamani, kisha weka mpishano mfupi wa milisekunde chache pande zote mbili. Kata mahali penye konsonanti. Katikati ya irabu mshono unasikika kwa sababu kimo cha sauti ya rudio moja hakilingani na cha lingine. Kama silabi ya kupandikiza imetamkwa juu au chini sana, badilisha neno zima.

Utafanya kazi hii mara nyingi kwenye filamu ya Kiswahili, kwa sababu vitenzi vyetu vinabeba nafsi, wakati na ukanushi mwanzoni, mahali ambapo mkazo haupo. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwigizaji anayenong'ona humeza zile za mbele. Linda "ha-", "si-", "-li-" na "-me-" kama unavyolinda uso wa mwigizaji kwenye picha.

Adhana, mvua na jenereta la jirani. Adhana ikiwa nyuma ya shoti ya mama na haipo kwenye ya kijana, itakatika kila kamera inapogeuka. Plagini haitaiondoa bila kumharibu mama. Una njia mbili: utumie sentensi za mama kutoka rudio lisilo na adhana, au uzungumze na mwongozaji kuhusu kulaza adhana moja iliyorekodiwa peke yake chini ya onyesho lote. Ukichagua ya pili, kagua kwamba mwanga wa dirishani unakubaliana na saa ya swala hiyo. Mvua juu ya mabati nayo ni vivyo hivyo: ama inanyesha onyesho zima, ama hainyeshi.

Utajua umemaliza hatua hii ukifumba macho, ukasikiliza onyesho mwanzo hadi mwisho, na usiweze kusema kamera ilibadilika wapi. Kelele bado ipo. Imetulia tu, na kelele iliyotulia mtazamaji huisahau.

## Hatua ya 5: Sawazisha kiwango cha kila klipu

Weka hedifoni kwenye kiwango kinachokustarehesha, kisha usikiguse tena hadi filamu iishe. Ukikibadilisha kila mara, sikio linakosa mizani.

Rekebisha kiwango ndani ya klipu zenyewe, si kwa kitelezo cha treki. Pandisha mwisho wa sentensi ambako waigizaji wengi hushusha pumzi, pandisha silabi za mbele zilizomezwa, shusha kelele za ghafla. Desibeli mbili au tatu mara nyingi zinatosha. Lakini mama akipiga kelele, aachwe apige kelele. Kusawazisha si kuua uigizaji. Lengo ni mtu asikae akiinama mbele kutafuta neno.

## Hatua ya 6: Safisha, kwa mkono mwepesi

Sasa ndipo plagini zinaingia, kwa utaratibu huu.

1. Chujio la kukata besi. Kwa mwanaume anzia hezi 80, kwa mwanamke 100 hadi 120. Linaondoa mngurumo wa magari na upepo ambao haubebi neno lolote.

2. Mvumo wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo unakaa kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Resolve ina De-Hummer ya kazi hiyo. Kama chanzo ni jenereta dogo, mvumo hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika. Chujio lisilosogea halitaukamata wote, na itabidi uurekebishe kipande kwa kipande.

3. Kipunguza kelele. Kifundishe kwa kukichezea kimya cha chumba cha shoti ileile, bila neno hata moja ndani. Kisha punguza desibeli 6 hadi 8 tu. Usijaribu kuua feni, ishushe. Ukivuka hapo, herufi "s" na "sh" zinaanza kuogelea, na mwigizaji anasikika kama yuko chini ya maji. Washa na uzime plagini huku ukisikiliza "s" peke yake. Ukisikia tofauti kwenye herufi yenyewe badala ya nyuma yake, umezidisha.

Kuhusu mwangwi wa chumba kitupu, nasema wazi: hakuna dawa kamili. Vifaa vya kuupunguza vipo, lakini vinagharimu utamu wa sauti. Siku nyingine tandikeni mablanketi na magodoro nje ya picha.

## Hatua ya 7: Kompresa na ikwalaiza

Kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa, iwe na uwiano wa 2 kwa 1 au 3 kwa 1, iamke ndani ya milisekunde 10 hivi, iachie kwenye 100. Shusha kizingiti hadi mita ionyeshe kupungua kwa desibeli 3 au 4 kwenye maneno ya nguvu tu. Kama sindano inacheza muda wote, hatua ya 5 haikukamilika, rudi huko.

Kwenye ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha besi, kati na sauti nyembamba, punguza kidogo eneo la hezi 200 hadi 400 kama sauti ina ukungu, na ongeza desibeli 2 karibu na kilohezi 3 kama maneno yamefifia. Baada ya hapo "s" zikichoma, kiondoa mchomo kati ya kilohezi 5 na 8 kitazituliza.

## Hatua ya 8: Sentensi zisizookoka

Zipo sentensi zitakazoshindikana. Ziorodheshe mapema, mwite mwigizaji, mrekodi upya. Tumia maiki ileile kwa umbali uleule wa kwenye seti. Ukiileta karibu sana, sauti itakuwa ya mtangazaji wa redio katikati ya sebule. Mfanye asimame kama alikuwa amesimama, akimbie mahali kama alikuwa anahema. Mchezeshee sentensi ya asili masikioni mara tatu mfululizo, kisha aitamke bila kuangalia picha, na mara nyingi mdundo utaingia wenyewe. Ukiipachika, laza kimya cha chumba chini yake. Bila hicho, hata sentensi iliyolingana na midomo itaonekana imebandikwa.

## Hatua ya 9: Mazingira na vishindo

Mazingira yawe ya mahali husika. Maktaba za sauti za mtandaoni zimejaa ndege wa Ulaya na honi za New York, na mtazamaji wa Tandale au Likoni anasikia uongo hata kama hawezi kuutaja. Chukua kinasa chako, simama barabarani dakika tano bila kusema neno: kondakta anaita abiria, bodaboda inapita, muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Rekodi asubuhi, mchana na usiku, uzitunze kwenye folda yenye majina yanayoeleweka.

Vishindo vya mwili hurekodiwa huku ukitazama picha: ndala kwenye sakafu, khanga inayofungwa upya, kijiko kwenye sufuria. Usirekodi kila mwendo. Rekodi ule unaobeba jambo. Kama mama anaweka kikombe chini kwa hasira, kile kikombe ndicho sentensi yake.

## Hatua ya 10: Muziki

Anza na muziki ulio kama desibeli 15 chini ya mazungumzo, halafu upandishe kwa sikio. Punguza desibeli 2 au 3 kwenye muziki kati ya kilohezi 2 na 4, eneo ambalo konsonanti zinaishi; muziki utabaki umejaa na maneno yatapata nafasi.

Epuka kabisa wimbo wenye maneno ya Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili. Akili inajaribu kufuata vyote viwili na inashindwa vyote. Wimbo usubiri kituo, upande mwigizaji akinyamaza. Na ruhusa ya mwenye wimbo iwe ya maandishi kabla ya kupandisha YouTube, kwa sababu mfumo wao wa Content ID unaweza kuutambua wimbo wenyewe bila mtu kuripoti.

## Hatua ya 11: Pima na utoe

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa LUFS, kipimo cha wastani wa programu nzima kama sikio linavyousikia. Kilele cha mita hakikuambii hilo. Waraka wa kiufundi wa kituo cha runinga uombe mapema. Utakutana na viwango hivi:

- Runinga zinazofuata utaratibu wa EBU R 128: -23 LUFS, kilele halisi kisizidi -1 dBTP (desibeli za kilele halisi).
- Netflix: -27 ikipimwa kwenye mazungumzo, kilele -2 dBTP.
- YouTube: hushusha kilichozidi takriban -14. Usijibane kufika hapo. -16 yenye uhai inasikika vizuri kuliko -14 iliyosagwa na limita, kifaa cha kuzuia vilele.

Baada ya mita, sikiliza kwa njia tatu. Kwanza geuza kila kitu kuwa mono, yaani sauti ya njia moja. Kama sauti ya mtu inadhoofika au kutoweka, kuna maiki mbili zinazokulana na zimekuponyoka. Pili, cheza kwenye spika ya simu, jikoni, mtu akikaanga. Tatu, mketishe mtu asiyejua hadithi, mwambie ainue mkono kila neno linapompita. Wewe umeshakariri mazungumzo yote na masikio yako hayafai tena kwa kazi hiyo. Kila mkono unaoinuka, andika dakika na sekunde, urudi hatua ya 4 au ya 5. Usiende kwenye kitelezo kikuu.

Ukitoa, toa faili nne za WAV zenye urefu sawa: mchanganyo kamili, mazungumzo peke yake, muziki peke yake, na vishindo pamoja na mazingira. Siku msambazaji wa Kinshasa au Bujumbura akitaka kuweka sauti ya Kifaransa, atahitaji vyote isipokuwa mazungumzo. Kabla ya kumtumia, zima treki za mazungumzo ucheze filamu nzima. Mahali ambapo mlango unafungwa kimyakimya au mtu anatembea bila hatua, kile kishindo kilikuwa kimejificha ndani ya rekodi ya mazungumzo, na unapaswa kukirekodi upya.